Kusunoki Masashige: kwa nini alikubali kwenda kufa Minatogawa?

MsomaUsiku:
Wakuu, salaam. Nasoma vita vya Japani vya karne ya 14 na kuna jambo haliniingii akilini. Jemadari Masashige alimpigania Mfalme Go-Daigo tangu 1331 mpaka utawala wa kijeshi wa Kamakura ukaanguka 1333. Mwaka 1336 Ashikaga Takauji, jemadari aliyemwasi mfalme, anarudi kutoka kisiwa cha Kyushu na jeshi kubwa, Masashige anatoa ushauri ikulu, unakataliwa, naye anakwenda vitani Minatogawa akijua kabisa harudi. Alikuwa na watu wake na milima yake kwao Kawachi. Si angejikalia huko? Halafu hii familia inayosifiwa kwa utiifu, mbona mtoto mmoja alihamia kwa adui?

BahariaMstaafu:
Mkuu, hapo umenigusa. Enzi za meli tulikuwa tukitia nanga Kobe, na hekalu la Minatogawa liko hatua chache tu kutoka stesheni. Ndani kuna kaburi lake: bamba la jiwe limesimamishwa juu ya mgongo wa kobe wa mawe. Bwana mkubwa wa baadaye, Tokugawa Mitsukuni, ndiye aliyeliweka, mwaka 1692. Watu wanaingia na mifuko yao ya sokoni, wanainamisha kichwa, wanaenda zao.

Sasa huo ushauri. Alitaka mfalme apande Mlima Hiei, Takauji aachiwe mji mkuu, Kyoto, kisha yeye arudi Kawachi azibe njia ya chakula. Jeshi kubwa likose mchele, litoroke lenyewe. Si ndoto: mapema mwaka uleule mfalme alikwisha kukimbilia Hiei, na Takauji akatimuliwa mjini. Na pale kwenye ngome ya Chihaya mwaka 1333 Masashige alilizuia jeshi la Kamakura kwa miezi kadhaa, kwa mawe, magogo, na kama simulizi la Taiheiki, kitabu cha kale cha vita hivyo, ni la kuaminika, vinyago vya majani vilivyovishwa deraya ili adui amalize mishale. (Taiheiki hiyohiyo inasema waliomzingira walikuwa milioni. Haya.)

Bwana mmoja wa ikulu, Bomon Kiyotada, akapinga: mfalme kuuhama mji mara mbili katika mwaka mmoja ni fedheha. Ikaisha hapo.

Kwa nini alitii? Mimi naona hakuwa na pa kwenda. Kuna hati ya 1332 inayomtaja kama mhalifu aliyevamia shamba la watu. Go-Daigo ndiye aliyempa cheo na kumkabidhi Kawachi. Akimwacha mfalme, anarudi kuwa yule mhalifu wa kwenye hati.

Mpinzani_Halali:
Mzee Baharia, unampunguzia. Mtu wa maslahi angemfuata Takauji kama wengi walivyofanya. Huyu aliagana na mwanawe Masatsura pale Sakurai, njiani kwenda vitani, wanasema mtoto ana miaka 11, akamrudisha nyumbani kwa mama yake. Kisha akapigana mpaka wakaishiwa watu, yeye na mdogo wake Masasue wakaingia kwenye nyumba ya mkulima, wakachomana visu. Mtu hafanyi hivyo kwa ajili ya cheo.

BahariaMstaafu:
Sijasema cheo tu, kaka. Nimesema hakuwa na pa kwenda. Moyo nao unaweza kukosa pa kwenda.

MsomaUsiku:
Shukrani wazee. Na yule aliyehama?

BahariaMstaafu:
Huyo ni Masanori, na kwangu ndiye mwenye kisa kizito kuliko wote. Kaka zake Masatsura na Masatoki walikufa katika vita vya Shijonawate 1348. Masatsura, kabla ya kwenda, alichora shairi la kuaga kwa ncha ya mshale kwenye mlango wa hekalu la Nyoirin, Yoshino. Masanori akabaki na mzigo wote: ngome, wajane, mfalme wa kusini (ukoo wa Go-Daigo uliokimbilia Yoshino) asiye na mji. Akawa anatafuta suluhu na upande wa Kyoto, yaani wa Ashikaga. Mwaka 1368 Mfalme Go-Murakami akafariki, akaja Chokei ambaye hakutaka kusikia habari ya mapatano. Mwaka uliofuata Masanori akavuka.

Mpinzani_Halali:
Usaliti ni usaliti, mzee. Baba alikataliwa ushauri akaenda kufa, mtoto kakataliwa ushauri kahama.

BahariaMstaafu:
Mwaka 1382 alirudi kusini, hilo nalo uliweke kwenye hesabu yako. Na 1392 kusini wakakabidhi alama za kifalme Kyoto, vita vikaisha kwa mazungumzo, njia ileile aliyoitaka Masanori zaidi ya miaka 20 nyuma. Hesabu wewe waliokufa katikati hapo, kisha uniambie nani alikuwa na hoja.