Seneta Fetterman alipiga kura vipi serikali ya Marekani ilipofungwa? Familia imegawanyika

Nyar_Kondele

Habari zenu wadau. Natafuta mtu anayejua kusoma kura za bunge la Marekani anisaidie, siasa za kushabikia zimeshanitosha.

Dada yangu mkubwa anaishi Pennsylvania, ni raia wa huko sasa, kazi yake ni kukagua abiria na mizigo uwanja wa ndege. Serikali yao ilipofungwa kwa kukosa bajeti Oktoba 1, 2025 aliambiwa kazi yake ni ya lazima kwa hivyo aendelee tu kwenda, mshahara atapata wakifungua. Siku 43! Alikuwa ananipigia video akiwa ndani ya gari, kwetu saa tano asubuhi kwake saa kumi alfajiri, yunifomu imepigwa pasi, anakula yai la kuchemsha na chai ya fulaski kwa sababu kahawa ya kununua alikuwa ameachana nayo, halafu anageuza simu ananionyesha mshale wa mafuta umelala kabisa, ananiambia leo nikitoka hapa ni nyumbani moja kwa moja. Pesa za dawa za presha za mama ambazo hutuma kila mwisho wa mwezi, za Oktoba hazikuja. Hatukumuuliza. Tulichanga sisi wa huku, mimi na kaka yangu wa Ahero, na mwezi huohuo ndio tulimpoteza Baba, Raila Odinga, Kisumu yote iko kwa matanga, biashara imelala, mnajua vile ilikuwa.

Sasa kwa grupu ya familia kumewaka. Kaka anasema seneta wa huko kwa dada, John Fetterman, ni msaliti, ati amechaguliwa na Democrats halafu anapigia kura mswada wa Republican. Mjomba wetu wa Nakuru naye anasema huyo ndiye pekee aliyewahurumia watu kama dada. Dada mwenyewe amenyamaza, anasema amechoka. Na wote wawili wananitumia video za dakika moja moja, kila moja inapinga ile ingine. Mimi nataka kujua alipiga kura vipi. Alichosema nimeshasikia cha kutosha.

Lanet_Usiku

Pole sana dada, na umpe pole huyo wa ng'ambo. Mimi ni mlinzi wa usiku hapa Lanet, mchana wao ndio zamu yangu, na hii mambo nimeifuata tangu Septemba, kura nyingi nilizisoma zikitoka tu.

Kwanza jua walikwama wapi. Republican wako 53 kwa Seneti ya watu 100. Unaweza kudhani hiyo inatosha lakini kule kabla mswada haujafika kura ya mwisho lazima wapige kura ya kufunga mjadala na hiyo inataka 60. Rand Paul wa Kentucky ni Republican ila huu mswada alikuwa anaukataa, kwa hivyo wamebaki 52, wanahitaji wanane kutoka upande ule mwingine. Shika hiyo nane.

Septemba 19 Bunge la Wawakilishi likapitisha mswada wa kuendesha serikali hadi Novemba 21, kura 217 kwa 212. Siku hiyohiyo ukaangukia Seneti, na kwa Democrats wote Fetterman pekee ndiye aliunga. Septemba 30, masaa machache kabla serikali ifungwe, ukapata 55 kwa 45, safari hii wako watatu, yeye na Catherine Cortez Masto wa Nevada na Angus King wa Maine ambaye hana chama lakini hukaa na Democrats. Wakaurudisha tena na tena, ukaanguka mara 14 kwa jumla, na kwa hizo zote hakuna hata moja Fetterman alisema hapana. Kwa hivyo kaka yako hajatunga kitu, huo mswada kweli ulikuwa wa Republican na kweli aliupigia.

Lakini video haikuonyeshi hii. Septemba 30 hiyohiyo kulikuwa na mswada wa pili, wa Democrats wenyewe, ule wa kuendeleza ruzuku ya bima ya afya. Ulipata 47 kwa 53. Democrats pamoja na maseneta wawili wasio na chama wanaokaa nao ni 47 kamili. Hesabu mwenyewe, hakuna aliyekosekana. Maana yake Fetterman alipigia ndio miswada YOTE MIWILI siku moja. Kwa afya alisimama na chama chake, kwa kufunga serikali akakataa kufuatana nao, na ndivyo alivyokuwa akisema, ati nchi kwanza kabla ya chama. Hapo maneno na kura vinalingana.

Na kuna moja ya Oktoba 23 ambayo inamhusu dada yako moja kwa moja. Ron Johnson wa Wisconsin alileta mswada wa kuwalipa wale wanaofanya kazi wakati serikali imefungwa. Ukapata 54 kwa 45, haukufika 60. Democrats waliounga ni watatu tu, Fetterman na wale wawili wa Georgia, Jon Ossoff na Raphael Warnock. Wenzao walikataa wakisema rais angebaki na uwezo wa kuchagua nani alipwe nani asilipwe, na hiyo hofu si ya bure. Ila ukiwa kwa gari saa kumi alfajiri mshale umelala hiyo kura unaisoma tofauti.

Sista_Lurambi

Naheshimu hesabu za Lanet lakini jibu lake silikubali lote.

Kura 55 si 60. Fetterman angesema ndio mara mia na serikali isingefunguka, alichofanya ni kuwaonyesha wale wengine kwamba Democrats wako na ufa na wakingoja kidogo wataanguka wenyewe. Walikuwa wanapigania nini? Ile ruzuku ya bima ilikuwa inaisha Desemba 31, 2025, watu mamilioni wangelipa zaidi. Mimi ni nesi Kakamega, nimeshaona mgonjwa akirudi nyumbani na fomu mkononi kwa sababu karo ya watoto na bili ya hospitali haviwezi kulipwa mwezi mmoja, kwa hivyo usiniambie bima ni kitu kidogo cha kubishaniwa baadaye.

Na hii ya kufanya kazi bila mshahara nimeipitia. 2020 Seneti yetu ilikwama na fomula ya kugawa pesa za kaunti, mwaka wa serikali umeanza Julai, kaunti hazina kitu. Agosti 17 seneta wetu Cleophas Malala akakamatwa, pamoja na Steve Lelegwe wa Samburu na Christopher Langat wa Bomet. Mpaka Septemba 17 ndio wakakubaliana. Mimi niko wodi ya akina mama, glavu zinahesabiwa moja moja, mwenye duka ananikopesha unga na kuandika kwa daftari, ukurasa wangu ulijaa akageuza mwingine. Na bado sikutaka Malala alegee! Kwa sababu ile fomula ya kwanza ingezipunguzia pesa kaunti kama Wajir, Mandera na Kwale, na walikomaa hadi ikapatikana ingine ambayo haikupunguzia mtu. Ingekuwa seneta wangu ameunga siku ya kwanza ati ananionea huruma na mshahara ningekasirika sana.

Kwa hivyo usiandike kwa grupu kwamba yeye ndiye aliyewahurumia. Wale saba wengine waliokuja Novemba 9 walikuja na kitu mkononi. Msaada wa chakula, ule wa watu kama milioni 42, ulipata bajeti hadi Septemba 2026, wafanyakazi waliofutwa wakarudishwa, na wakaahidiwa kura ya hiyo ruzuku Desemba. Aliyekuwa anasema ndio tangu mwanzo hakuuliza chochote.

Lanet_Usiku

Sista nimekusikia, na hiyo ya daftari imenigusa. Lakini rekebisha mbili. Si saba, ni watano. Novemba 9 walikuwa wanane kwa jumla, Fetterman, Cortez Masto na King walikuwa wameshaunga kitambo, wapya ni Dick Durbin wa Illinois, Jeanne Shaheen na Maggie Hassan wa New Hampshire, Tim Kaine wa Virginia na Jacky Rosen wa Nevada. Pili hao wafanyakazi waliorudishwa walianza kufutwa Oktoba 10, serikali ikiwa TAYARI imefungwa. Isingefungwa barua hizo zisingeandikwa wakati huo. Huwezi kuhesabu kama faida kurudishiwa kitu ulichopotezea njiani.

Hiyo Novemba 9 kura ilikuwa 60 kwa 40. Sitini kamili. Toa mmoja, yeyote, dada ya huyu mwenzetu angeendelea kukaa kwa gari.

Sista_Lurambi

Watano, sawa, nimekosea. Na ya kufutwa kazi nakubali. Ya bima sirudi nyuma, ahadi ya kupigiwa kura si bima, huwezi kwenda nayo kwa famasia.

Maseno_Mwaka3

Mimi nasoma sheria nitaongeza kidogo tu. Kwa video muwe makini sana jamani. 2013 serikali yao ilipokaribia kufungwa Ted Cruz wa Texas alisimama Seneti akaongea zaidi ya masaa 21 kupinga sheria ya afya ya Obama, akakaa chini, kura iliyofuata ya kuendelea na mswada ikawa 100 kwa 0 na yeye akiwa kati ya hao mia. Mtu aliyeona hotuba peke yake angeapa alipiga hapana. Ile ya kufunga mjadala iliyokuja baadaye ndio aliikataa, kwa hivyo hata kura moja haitoshi, lazima uzipange zote na tarehe zake. Hata sisi Juni 2024 na mswada wa fedha ilikuwa hivyo, kusomwa mara ya pili ilikuwa 204 kwa 115, tarehe 25 ikawa 195 kwa 106, kuna watu walikuwa kwa orodha moja na hawako kwa ingine, na kila mtu alibeba ile orodha iliyomfaa.

Na kwa wanaouliza kama sisi tunaweza kufungiwa serikali vile, si rahisi. Kifungu cha 222 cha Katiba kinaruhusu Bunge la Taifa kuidhinisha hadi nusu ya makadirio itumike kabla sheria ya matumizi haijatiwa sahihi. Kinachotubana sisi ni kaunti, kama alivyosema Sista, kwa sababu kule kila kaunti ina kura moja kwa Seneti na zinatakiwa 24.

Nyar_Kondele

Asanteni sana, aki mmenisaidia. Nimekopi jibu la Lanet na la Sista yote mawili nikayatuma kwa grupu bila kuongeza neno langu. Mjomba amesoma akasema hakujua mswada wa pili ulikuwepo. Kaka bado amekasirika lakini sasa anabishana na ile 55 badala ya kutukana mtu, kwangu hiyo ni nafuu kubwa.

Dada nilimpigia jana usiku nikamsomea ile ya Oktoba 23 polepole. Alinyamaza kidogo halafu akaniuliza na huyu mwingine wetu, Dave McCormick? Nikamwambia yeye ni Republican, aliunga pia. Akasema kwa hivyo maseneta wangu wote wawili walitaka nilipwe na sikulipwa. Sikuwa na jibu la hiyo.

Mshahara wa nyuma umeingia lakini. Ametuma pesa za dawa za miezi miwili pamoja, nimetoka famasia Kondele sasa hivi nimeshika paketi mbili. Ana swali moja, amesikia Januari 30, 2026 serikali inaweza kufungwa tena, je kazi yake imo?

Lanet_Usiku

Imo, pole. Ile sheria ya Novemba 12 ilitoa bajeti ya mwaka mzima kwa sehemu tatu tu, kilimo pamoja na msaada wa chakula, ya wanajeshi wastaafu na majengo ya jeshi, na ya bunge lenyewe. Hizo ziko salama hadi Septemba 30, 2026. Wizara ya Usalama wa Ndani ambayo wakaguzi wa uwanja wa ndege wako chini yake iko kwa lile fungu la bajeti ya muda linaloisha Januari 30, 2026. Mwambie asinunue kitu kikubwa Krismasi, aweke ya mafuta na ya nyumba kando mapema. Na za dawa za mama atume za Februari pamoja na za Januari. Kura zikianza nitaziweka hapa na tarehe zake, zamu yangu haijabadilika.