Ombi la fungu la sikoseli: mwenye grinikadi anaruhusiwa kusaini?

Mama Furaha, Columbus
Shikamooni wakubwa, wengine poleni na baridi. Jana nimetoka ofisi ya mbunge wetu wa Congress na hasira hazijaniisha. Nilikwenda na Furaha, miaka tisa, ana sikoseli ya SS, ile aliyorithi kwangu na kwa baba yake, nimemvisha makoti mawili na vile vipakiti vya joto mifukoni, maana baridi ikimpiga usiku huo hatulali. Tulipeleka ombi la Labor-HHS, ile bajeti ya serikali kuu ya kazi na afya, kwamba NIH, taasisi zao za utafiti wa afya, itengewe fungu la utafiti wa sikoseli peke yake, lisimezwe na magonjwa mengine ya damu. Kijana wa mapokezi akasoma, akaniuliza, wewe ni raia? Nikamwambia nina grinikadi, N-400, fomu ya kuomba uraia, nimeshatuma. Akanirudishia karatasi, eti aje raia asaini. Kwenye lifti Furaha ananiuliza, mama, tumekosea nini?
Naomba kujua: ni kweli hatusaini? Na nikisaini, haitaniharibia intavyuu ya uraia? Mwisho wa kupokea ni Ijumaa.

Baba Mosi, Houston
Pole sana dada. Mimi SSI ya mwanangu, ile posho ya serikali kwa walemavu wenye kipato kidogo, walinikatalia mara mbili. Siri iko kwenye 3820, fomu ya kueleza ulemavu wa mtoto. Ukiandika "anaumwa mara kwa mara" umekwisha. Andika tarehe za kulazwa, kila chupa ya damu, na mwalimu wake naye aandike. Mara ya tatu nilimpelekea jaji kalenda yenyewe ya ukutani, ile ya duka la mchele, siku za maumivu nimezizungushia wino mwekundu. Akaifunua mwezi hadi mwezi, hakuniuliza tena.

Da Zai, Silver Spring
Baba Mosi, hajauliza SSI. Tusome kwanza jamani.

Mzee wa Mwanza, Minneapolis
Na huu "ugonjwa adimu" mnaouandika kwenye maombi ni adimu wapi? Kwetu Kanda ya Ziwa kila ukoo una mtoto. Tanzania wanazaliwa kama 11,000 kwa mwaka. Mkijiita adimu, nani atawapa hela?

Da Zai
Shikamoo mzee wangu, lakini hapo umepotoka. Sheria ya dawa za magonjwa adimu ya 1983 inahesabu wagonjwa wa hapa Marekani, wasifike 200,000. Sikoseli wapo kama 100,000. Kwa hiyo huku ni adimu kisheria, na anayetengeneza dawa anapewa miaka saba ya kuuza peke yake pamoja na nafuu ya kodi. Jina tunalo, fungu ndilo hatuna. Nixon alisaini sheria ya sikoseli 1972, halafu? Ugonjwa uliandikwa Chicago 1910. Dawa ya kwanza, haidroksiyurea, ikaruhusiwa 1998, nayo iliazimwa kwenye saratani. Dawa ya pili mpaka 2017! Wenye sistiki faibrosisi, ule ugonjwa wa mapafu wa kurithi, hawafiki nusu yetu, na kwa kichwa wanapata zaidi yetu kutoka serikalini. Msiniambie rangi haimo.

Baba Mosi
Hiyo kuuza peke yake ndiyo imetuletea Casgevy, tiba ya kurekebisha jeni, ya dola milioni 2.2. Kuna mtu humu kapata? Oxbryta, vile vidonge vya sikoseli, navyo vikaondolewa sokoni 2024, chupa yangu iko juu ya friji mpaka leo.

Da Zai
Ndiyo hoja yangu! Kampuni inafuata soko. Serikali ndiyo iweke za kwake.

Mzee wa Mwanza
Marahaba binti, nimekusoma. Ila za NIH si ndizo zilizofyekwa 2025? Mpwa wangu yuko maabara, mradi wao umesimama. Tena msicheke Wamarekani. Muhimbili wanafuatilia wagonjwa wa sikoseli tangu 2004, kazi nzuri ya kina Profesa Makani, na fedha nyingi zimetoka Wellcome Trust ya London. Sisi tunanunua magari ya V8.

Bi Rehema, Dallas
Mmenikumbusha marehemu dada yangu, Tabora. Jina la ugonjwa hatukulijua, tulisema ana miguu. Mama anamkanda kwa maji ya moto usiku kucha, sisi tumejifunika gubigubi tunajifanya tumelala. Asubuhi anapewa rozela, kikombe cha bati, sote tunaimezea mate. Hivi rozela kavu isiyo na mchanga mnanunua wapi?

Baba Mosi
Duka la Wameksiko, bibi. Usiseme rozela, sema jamaika. Ioshe mara mbili.

Mzee wa Mwanza
Mara tatu.

Mama Furaha
Asanteni wote. Ila Ijumaa ndiyo keshokutwa. Nisaini, nisisaini?

Da Zai
Dada, naingia zamu, nikitoka nakuandikia.

Baba Mosi
Nitumie imeili pembeni, nina nakala ya 3820 niliyojaza vizuri kabisa.