Wanakondoo hawaongezeki uzito: nilishe watoto au mama?

Mfugaji_Langobaya
Salaam aleikum. Kondoo wangu ni machotara wa Dorper na kondoo mwekundu wa Kimasai, wanazaa mwisho wa Machi. Watoto huzaliwa na kilo 2, na baada ya siku 60 wana kilo 7 tu. Pumba niliyo nayo ni kidogo. Nimpe nani?

Bimkubwa wa Witu
Waaleikum salaam. Kilo 5 kwa siku 60 ni gramu 83 kwa siku, kidogo mno kwa chotara wa Dorper. Mpe mama, tena kabla hajazaa. Mimba ni siku 147 hivi, na sehemu kubwa ya uzito wa mtoto huja wiki 6 za mwisho. Kwako hizo zaanza katikati ya Februari, kaskazi inavuma na nyasi zishakauka. Mama aliyekonda huzaa mtoto mdogo, dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa) chache, na maziwa ambayo yangefika kilele wiki ya 3 au ya 4 hayapandi.

Usimkadirie kwa macho, tumbo la mimba hudanganya, na mkia wenye mafuta pia. Weka mkono kiunoni, nyuma ya ubavu wa mwisho, umpe alama ya unene, toka 1 (amekonda sana) hadi 5 (amenona sana). Ncha za mifupa zikichoma na vidole vikipita chini yake bila taabu, ni alama 1. Zikiwa za mviringo na vidole vikapita kwa kubonyeza kidogo, 2. Ukilazimika kukaza mkono ndipo uzisikie, 3. Mwenye kuzaa awe kati ya 2 na nusu na 3. Kupanda alama moja huchukua wiki 6 hadi 8, kwa hiyo wapapase tangu mimba ya miezi 3 na uwatenge waliokonda.

Mashudu
Naongezea chakula. Pumba za mahindi sehemu 2, mashudu ya nazi sehemu 1: gramu 300 hadi 400 kwa kondoo wa kilo 35. Anza na gramu 100, upandishe taratibu kwa wiki moja, la sivyo tumbo huchacha. Mashudu yanayonuka mafuta mabovu usinunue. Ila usimnenepeshe hadi 4: mwenye mapacha akinona hivyo hupoteza hamu ya kula, mwili ukaunguza mafuta yake hadi ini likazidiwa. Utamwona amejitenga, kichwa chini, kama haoni.

Mfugaji_Langobaya
Ahsanteni. Na aliyekwisha kuzaa akiwa 1?

Bimkubwa wa Witu
Shika kiwele saa hiyohiyo. Mtoto wa kilo 2 anahitaji mililita 100 za dang'a ndani ya saa 6. Zikipungua, kamua kondoo au mbuzi mwingine aliyezaa siku hiyo. Mama mfikishe nusu kilo ya mchanganyiko kwa wiki 6, maji yasikatike. Mpindue kope: zikiwa nyeupe, minyoo inamnyonya damu, mtibu kwanza. Watoto wa wiki 2 watilie pumba kidogo penye upenyo ambao mama hapiti.