Vocha ya kodi mkononi, nyumba hakuna: mji wetu unatuchezea

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie nikiropoka.

Niko Ohio, nafanya kazi za usiku ghalani. Miaka 4 nimekaa kwenye foleni ya vocha ya kodi, ile Section 8. Kwa mlioko Bongo: ofisi ya nyumba ya mji inakupa karatasi, wewe unalipa kodi kama asilimia 30 ya kipato chako, serikali inamalizia kwa mwenye nyumba. Mpango upo tangu 1974. Kati ya familia 4 zenye sifa, 1 hivi ndiyo hupata msaada, kwa hiyo barua ilipofika mke wangu alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Kumbe ndiyo kwanza kazi inaanza. Unapewa siku 60 utafute nyumba. Nilipiga simu mpaka sauti ikakauka. Wengine wakisikia tu neno vocha wanakata. Kuna majimbo na miji iliyokataza tabia hiyo. Mji wetu haumo.

Nikapata moja, nyumba ya mbao ya miaka ya 1920, mwenyewe mzee mpole. Akaja mkaguzi, dada mtaratibu, na kile kidude chenye taa tatu cha kuchomeka kwenye soketi. Soketi ya jikoni, taa hazikuwaka sawa. Akaenda chumba cha watoto, akapitisha kidole kwenye fremu ya dirisha, rangi ikabanduka kama magamba ya samaki. Nyumba ni ya kabla ya 1978 na mimi nina mtoto wa miaka 3, kwa hiyo rangi ya namna hiyo haipiti, inaweza kuwa na madini ya risasi. Ngazi ya kushukia chini haina pa kushika. Ikafeli.

Na mkaguzi sina ugomvi naye kabisa. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto. Angepitisha ile nyumba ndiyo ningemlaani. Mzee alikaa kibarazani akapiga hesabu nyuma ya bahasha, kisha akaniambia pesa ya mafundi inameza kodi yake ya miezi na miezi, na yupo mtu wa pesa mkononi ambaye soketi hata haulizi. Wiki iliyofuata nikapita, nikakuta maboksi ya mtu pale kibarazani. Ofisi ikaniongezea siku 30, nazo zikaisha, vocha ikarudi kwao. Miaka 4 imekwenda na maji.

Sasa sikieni kinachonichoma. Mtaa wangu una nyumba 7 zilizopigiliwa plaiwudi madirishani. Paa zipo, kuta zipo. Mji unapokea fedha za ukarabati kutoka serikali kuu. Halafu wiki jana kwenye kikao cha baraza anasimama mkubwa mmoja, kwa mbwembwe, anatangaza kwamba mpango unapanuliwa: vocha zinaongezwa! Watu makofi. Jamani, vocha za kwenda kukaa wapi? Hizi zilizopo zinarudi ofisini kwa kukosa nyumba. Unauza tiketi zaidi wakati basi liko juu ya mawe.

Panueni kwa nyundo na misumari. Ofisi ya nyumba inaruhusiwa kufunga vocha zake mpaka asilimia 20 kwenye nyumba zenyewe, yaani msaada unabaki na nyumba hata mpangaji akihama, zikiwemo nyumba zilizokarabatiwa. Na nyumba ya kupangisha ikikarabatiwa kwa fedha za HOME, mpango wa nyumba wa serikali kuu, mwenyewe hawezi kumkataa mpangaji eti kwa sababu ana vocha, na kodi inadhibitiwa kwa miaka 5, 10 au 15 kadri ya fedha iliyoingia. Yule mzee angekopeshwa ya soketi, rangi na ngazi, leo ningekuwa nimelala, siandiki uzi.

Nikayasema haya kikaoni. Dakika 2 zangu zikaisha, kengele ikalia, jibu likaja: usimamizi wake ni mgumu. Kwenye korido mmoja wao akaninong'oneza kwamba ukarabati uliwahi kuleta ufisadi. Kweli uliwahi. Kulikuwa na mpango wa ukarabati ndani ya Section 8 ulioanza 1978. Miaka ya 1980, wizara ya nyumba ikiwa chini ya waziri Samuel Pierce, ukawa shamba la wanaojuana Washington, baadhi ya wasaidizi wake wakatiwa hatiani, na 1991 ukafutwa. (Kujuana si Bongo peke yake, wakuu.) Lakini mwanangu alizaliwa juzi. Yeye ndiye alipie ulaji wa wakati ule kwa kulala chumba ambacho dirisha tumeliziba kwa taulo?

Jirani yangu, mama wa Kikongo aliyekuja na watoto 6 kutoka kambi ya Nyarugusu, vocha yake inaisha tarehe 14. Jana nimezunguka naye nyumba 3, zote hapana. Tukirudi akasimama mbele ya mojawapo ya zile za plaiwudi, akauliza kwa nini wasimpe hiyo, yeye na wanawe wakwangue rangi wenyewe. Nikamweleza habari ya risasi, akanitazama tu.

Wadau wa Columbus, Portland, Dallas na kwingineko: kuna mji wenu uliokarabati nyumba na kuzifungia vocha? Walianzaje, nani alisukuma, mwenye nyumba alipewa mkopo au ruzuku? Mwageni hapa. Baraza linakaa tena Jumanne na safari hii nataka dakika 2 zangu zinitoshe.