Nimempokea: gumzo la wazazi wiki ya kufunga shule

*Kikundi: Wazazi, Darasa la Kwanza hadi la Tatu*

Jumatano jioni

Mwalimu Mkuu: Habari za jioni wazazi na walezi. Tumemaliza muhula salama, tunamshukuru Mungu. Ijumaa watoto wanatoka saa sita mchana, siyo saa tisa. Basi la shule litaondoka saa sita na robo. Atakayekuja kumchukua mtoto awe yule aliyeandikwa kwenye fomu. Kama amebadilika, mpigie simu mwalimu wa darasa kabla ya saa nne asubuhi. Ujumbe wa maandishi peke yake hatutaupokea, maana simu huweza kuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Mama Mapacha: Asante mwalimu. Mimi Ijumaa niko kazini, atakuja mdogo wangu. Kesho asubuhi nitakupigia.

Mwalimu wa la Pili: Aje na kitambulisho, Mama Mapacha. Na wanao uwaambie leo kabla hawajalala kwamba ni mama yao mdogo atakayewafuata. Mtoto akiambiwa langoni "mama yako amenituma" na yeye hana habari, tunataka akatae.

Baba Imani: Sisi tuna neno letu la nyumbani. Asiyelijua haondoki na mtoto hata awe nani. Imani alishamkatalia mjomba wake mbele ya watu. Mjomba alijisikia vibaya kidogo, lakini mimi nilimkumbatia mtoto.

Mwalimu wa la Pili: Hongera Imani 👏 Jambo jingine, ripoti mtapewa mkononi. Naomba msizipige picha mkaziweka mtandaoni, hata kama mtoto kafanya vizuri. Pale pana jina lake kamili, shule na darasa. Mtu asiyemjua akishapata hayo matatu, ameshapata la kumwambia mtoto.

Mwalimu wa la Pili: Na sanduku la vitu vilivyookotwa limejaa. Masweta kumi na moja, chupa za maji sijui ngapi, na kiatu kimoja cha kushoto. [picha]

Mama Neema: Hicho kiatu ni cha Neema! Mwezi mzima tunakitafuta. Asante sana mwalimu.

Babu: Habari zenu wanangu.

Mama Mapacha: Shikamoo Babu.

Baba Imani: Shikamoo mzee.

Babu: Marahaba. Mimi nina swali. Likizo hii wajukuu wote watano wanakuja kwangu, na mkubwa wao ana miaka tisa. Nianzie wapi? Moto, barabara, dawa, maji, yote yananitisha.

Mama Neema: Anzia maji, Babu. Niruhusuni nieleze kitu, ni kirefu kidogo, na sijawahi kukisema humu.

Mama Neema: Likizo iliyopita tulikwenda mahali penye bwawa la kuogelea. Watu wazima tulikuwa saba, wote tumekaa kando ya maji. Neema alikuwa na miaka sita. Nikainuka kwenda kuchukua taulo nikijua baba yake anamwangalia. Baba yake akajua dada yangu anamwangalia. Dada yangu alijua mimi nipo, maana dakika moja nyuma nilikuwa nimekaa pale pale. Saba sisi, na hakuna hata mmoja.

Mama Neema: Aliyemwona ni mtoto wa dada yangu, wa miaka tisa. Akauliza tu, "Mbona Neema anatazama juu?" Nikageuka. Kichwa kimelala nyuma, nywele zimemfunika macho, mdomo unafunguka na kufunga usawa wa maji. Mikono sikuiona, ilikuwa chini, kama mtu anayepanda ngazi. Hakulia wala hakupunga. Kutoka kwenye kiti cha baba yake hadi pale ni hatua nne. Tulimtoa, akakohoa, akatapika, tukakaa hospitali hadi usiku wakimwangalia. Yuko mzima. Lakini ule ukimya mimi bado nausikia.

Mama Mapacha: Ee Mungu. Pole sana mama Neema.

Baba Imani: Pole mno. Mwili umenisisimka.

Babu: Pole mwanangu. Sisi tumekua tukiambiwa mfa maji haachi kutapatapa. Mimi miaka yote nimekaa nikijua mtoto akizama nitamsikia.

Mama Tumaini: Pole sana mama. Mimi nafanya kazi wodi ya watoto, na alichokiona Mama Neema ndivyo kunavyokuwa. Anatapatapa, Babu, ila chini ya maji. Juu husikii kitu. Hewa ya kuvuta yenyewe haimtoshi, ya kupigia kelele ataitoa wapi? Mikono inakandamiza maji ili ajiinue, kwa hiyo hawezi hata kuinyoosha kuomba msaada. Ukimwona mtoto amesimama wima majini, kichwa kimeegemea nyuma, muite. Asipojibu usingoje, mfuate.

Mama Tumaini: Na siyo jambo dogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Desemba 2024 inasema mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 14, yaani hawa hawa wetu, ndiyo sababu ya tatu ya vifo.

Babu: Kwangu hakuna bwawa. Kuna tangi la chini na ndoo.

Mama Tumaini: Yanatosha, Babu. Wadogo wa chini ya miaka mitano huzama kwenye maji ya sentimita chache. Kichwa chake ni kizito, akiinamia ndoo na kutumbukia hawezi kujirudisha. Tangi liwe na mfuniko wa kufungwa kwa kufuli, siyo wa kuegesha. Ndoo na beseni zikishatumika zimwagwe, zipinduliwe.

Babu: Na nikimkuta mtoto tayari yumo majini? Mimi kuogelea sijui.

Mama Tumaini: Basi usijitose, tutawapoteza wawili. Lala chini ukingoni, mnyooshee fimbo au kanga iliyosokotwa, au mrushie dumu tupu lenye kifuniko alishike. Akitoka hapumui, usimning'inize kichwa chini wala usimkandamize tumbo eti maji yatoke. Kinachomuua ni kukosa hewa. Mpulizie pumzi kwanza, kisha ubonyeze kifua, uendelee hivyo, na mwingine apige simu ya dharura. Haya yanahitaji kujifunza kwa mikono, siyo kusoma kwenye simu.

Mwalimu Mkuu: Mama Tumaini, unaweza kuja kutuonyesha siku ya kikao cha wazazi muhula ujao?

Mama Tumaini: Nitakuja mwalimu, kwa moyo wote.

Mwalimu Mkuu: Nimesoma mara mbili maneno ya Mama Neema. Wazazi, pale langoni mtoto hatoki mpaka mtu mmoja, kwa jina lake, atie sahihi. Nyumbani hakuna daftari la sahihi. Naomba basi tutumie mdomo. Ukiinuka, usiondoke hivi hivi. Mtazame mwenzako machoni useme, "Nakuachia Neema." Ungoje akujibu, "Nimempokea." Asipojibu, mtoto bado ni wako, rudi ukae.

Baba Imani: Hili nalichukua. Na anayepokea aweke simu mfukoni, maana simu ndiyo inayotuiba.

Mama Mapacha: Na kwenye gari je? Asubuhi huwa tunagawana, mimi mmoja, baba yao mmoja, tena tunabadilishana njiani.

Mwalimu Mkuu: Huko ndiko hatari ilipo, kila mmoja akidhani mwenzake ameshamshusha. Dereva wetu wa basi hafungi mlango kabla hajatembea hadi kiti cha mwisho na kuinama kutazama chini ya viti. Aliwahi kumkuta wa la kwanza amelala usingizi.

Mama Tumaini: Gari lililofungwa likiwa juani, joto ndani hupanda nyuzi 10 hivi kwa dakika 10 tu, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii sana. Mwili wa mtoto nao hupata joto haraka kuliko wetu, mara tatu hadi tano. Weka mkoba wako au kiatu kimoja kiti cha nyuma, utalazimika kufungua mlango ule.

Alhamisi

Baba Imani: Mwalimu, Imani anaomba likizo hii awe anavuka barabara mwenyewe kwenda kwa rafiki yake. Ana miaka saba. Anajua kutazama kulia na kushoto.

Mwalimu wa la Pili: Kutazama wanajua wote, Baba Imani. Kukadiria ndiko kugumu. Wiki iliyopita nilichora barabara kwa chaki uwanjani, nikawa nakuja na baiskeli, mtoto asimame ukingoni aseme "sasa" pale anapoona hana tena nafasi ya kuvuka. Wengi walisema nikiwa nimeshawafikia. Macho yanaiona baiskeli, ila kasi yake hawaijui bado. Mvushe wewe, halafu kila siku muulize yeye kwanza, "Hili gari tunaliwahi?" Ajizoeze umemshika mkono.

Baba Imani: Sawa mwalimu. Nitamvusha.

Mama Mapacha: Mama Tumaini, samahani kukusumbua. Zile betri bapa ndogo za vitu vya kuchezea, ni kweli ni hatari hivyo?

Mama Tumaini: Kweli kabisa. Ikikwama kooni huunguza nyama kwa muda wa saa mbili tu, na mtoto anaweza kuonekana kama ana mafua. Ukihisi ameimeza, hospitali mara moja, usimtapishe. Kama amezidi mwaka mmoja na anameza vizuri, mpe vijiko viwili vidogo vya asali kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, lakini msichelewe kwa ajili ya kutafuta asali. Na kwa kuwa nimeshaanza: akiungua, maji baridi ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kamili, ukitazama saa. Dawa ya meno na mafuta, hapana.

Mama Neema: Dakika 20 ni nyingi mtoto akilia.

Mama Tumaini: Ni nyingi, najua. Mwimbie, mtu mwingine ashike saa. Ndizo zinazoiokoa ngozi.

Ijumaa

Mwalimu wa la Pili: Mapacha wametoka saa sita na dakika nne na mama yao mdogo. Kitambulisho tumekiona. Walimkimbilia kabla hata sijawaita majina.

Mama Mapacha: Asante mwalimu wangu. Amenipigia, akasema mwenyewe, "Dada, nimewapokea."

Mwalimu Mkuu: Basi limefika kituo cha mwisho, dereva amekagua viti vyote. Likizo njema.

Mama Neema: Babu, na wewe?

Babu: Watano wote wako hapa. Mama yao alikuwa ameshapanda gari aondoke, nikamsimamisha. Nikamwambia ashuke aseme. Akacheka kidogo, kisha akasema, "Baba, nakuachia hawa." Nikawahesabu mmoja mmoja kwa kuwagusa kichwa, ndipo nikamjibu.

Mama Tumaini: Na ndoo, Babu?

Babu: Zimepinduliwa zote. Ufunguo wa tangi nimeuning'iniza shingoni.