Naomba ushauri: nipimeje athari za kufungwa kwa ziwa kwa wauza dagaa wa Kigoma?

Wakuu, habari za kazi. Nasoma shahada ya uzamili ya uchumi na utafiti wangu uko hapa Kigoma. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Nataka kujua kipato cha akina mama wanaoanika na kuuza dagaa kiliyumba kiasi gani.

Ninapokwama ni kwenye vipimo. Mama mmoja wa Kibirizi alinitolea daftari la shule la mwanawe: mistari ya kalamu, kila mstari beseni moja, na duara kwa waliokopa. Bei hakuandika. Tulikaa saa nzima kando ya chanja tukijaribu kukumbuka. Na pesa ya mtaji ndiyo hiyohiyo anayolipia ada na kununulia unga, sasa faida niitenge vipi?

Msimamizi wangu anataka kundi la kulinganisha, yaani wafanyabiashara ambao hawakuguswa na kufungwa kwa ziwa, lakini ziwa lilifungwa kwa wote siku ileile. Nilifikiria wauza mawese. Wateja wao wengi ni familia za wavuvi, kwa hiyo nao waliumia. Kasulu ni mbali na ziwa, ila kule wanategemea maharage na msimu wao ni mwingine.

Kulazimisha kundi lisilofaa naona ni kuwadhulumu hawa mama, maana matokeo ya utafiti ndiyo yanayoandikiwa sera. Aliyewahi kufanya kazi ya namna hii anisaidie: nibaki na madaftari na masimulizi, au kuna njia ya takwimu inayohimili kumbukumbu za aina hii? Jumatatu narudi mwaloni kuhoji.