Jicho na kigimbi vinacheza, nianze vidonge vya magnesiamu?

FundiWaKihonda
Wanajamvi, habari zenu. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, mama wa miaka 43. Tangu msimu wa sare za shule jicho la kushoto linacheza, likitulia inahamia kwenye kigimbi cha mguu. Haiumi, nyama inarukaruka tu chini ya ngozi, hata binti yangu anaiona. Usiku vidole vya mguu vinakaza mpaka nashuka kitandani nikanyage sakafu. Mteja wangu kaniletea kopo la magnesiamu kutoka Dar, kidonge kimoja miligramu 400, anasema yeye lilimsaidia. Sijaanza kumeza. Presha sina, sukari sina. Dawa ninayotumia ni omeprazoli ya vidonda vya tumbo, huu mwaka wa tatu, nikiiacha tu kiungulia kinarudi. Chai ya rangi nakunywa sana kazi zikibana. Naombeni ushauri.

Mpwa_wa_Pangani
Pole dada. Kwetu wazee wakisikia jicho la kushoto linacheza watakwambia utalia, usiwasikilize, utaongeza mawazo bure. Langu lilitulia nilipopunguza kahawa na kuanza kulala mapema. Magnesiamu sikumeza.

DirishaLaDawa
Dada, nafanya kazi duka la dawa Mwanza. Ungekuja dirishani kwangu, kopo ningeliweka pembeni kwanza nikuulize hiyo omeprazoli.

Jicho kucheza peke yake mara nyingi ni uchovu, chai nyingi, kukodolea sindano usiku. Wengi wa namna hiyo magnesiamu yao iko sawa, na kidonge hakiwaongezei kitu. Wewe una jambo la ziada. Omeprazoli na za kundi lake, kama lansoprazoli na pantoprazoli, zikitumika muda mrefu, hasa zaidi ya mwaka, zinaweza kushusha magnesiamu mwilini. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari hiyo mwaka 2011. Katika wagonjwa iliowachunguza, karibu robo walipewa magnesiamu na bado haikupanda mpaka dawa ya tumbo iliposimamishwa. Wewe ni fundi: mfuko uliochanika unashonwa kwanza.

Kwa hiyo nenda hospitali, mweleze daktari kama ulivyoeleza hapa. Omba upimwe magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na figo. Magnesiamu ikishuka sana huzivuta chini na kalsiamu na potasiamu, na hapo misuli ndiyo inakaza. Majibu yakija "kawaida" usiondoke kimya, kwa sababu iliyomo kwenye majimaji ya damu haifiki asilimia 1 ya magnesiamu yote mwilini. Nyingine imo kwenye mifupa na misuli. Na tafadhali muulize kama umewahi kupimwa bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori. Inaniuma kuona watu wananunua omeprazoli mwaka hadi mwaka bila kipimo hicho, wakati bakteria hao wanatibika. Ila usiiache ghafla kwa uamuzi wako, asidi hurudi kwa nguvu.

Miligramu 400 kwa mkupuo ni nyingi. Marekani wameweka ukomo wa magnesiamu ya vidonge kuwa 350 kwa siku, Ulaya 250. Soma kopo: kama ni oksidi (magnesium oxide), mwili unafyonza kidogo na tumbo linaweza kuharisha, na kuharisha kunapoteza magnesiamu. Wakati unasubiri majibu kula korosho, mbegu za maboga, maharage, mchicha, na ugali wa dona badala ya sembe. Mahindi yakikobolewa, magnesiamu nyingi inabaki kwenye pumba.

Baba_Zawadi
Nidandie hapo hapo. Mzee wangu ana shida ya figo na miguu inamkaza usiku. Naye nimpe? Na zile tembe za magnesiamu za kutafuna za kiungulia si ndizo hizo hizo?

DirishaLaDawa
Mzee usimpe kabisa bila daktari wake. Figo ndizo zinazotoa magnesiamu iliyozidi. Zikishindwa inajaa kwenye damu, presha inashuka na mapigo ya moyo yanapungua. Hata hizo za kutafuna asizizoee. Nyingi ni magnesiamu trisiliketi, zimetengenezwa kutuliza asidi, si za kujazia upungufu. Na yeyote anayetumia antibiotiki kama siprofloksasini au doksisaiklini asimeze magnesiamu saa hiyo hiyo, inazuia dawa isifyonzwe. Muulize mfamasia saa za kuachanisha.

FundiWaKihonda
Asante sana kaka. Nimesoma kopo, ni oksidi. Kipimo cha bakteria sijawahi kufanyiwa, nilipewa dawa tu. Nitaenda Jumatatu nikishakabidhi nguo za harusi.

DirishaLaDawa
Sawa dada. Nenda na pakiti ya omeprazoli daktari aone kipimo unachomeza. Lakini moyo ukianza kwenda mbio au kurukaruka, ukipata degedege, au mkono ukilegea mpaka mkasi unakuponyoka, nguo za harusi akabidhi binti. Wewe nenda siku hiyo hiyo.